Mzee wa Chapa na Kisanduku Kitupu

Kipanya cha kompyuta hakukitumia hata siku moja. Alikisukuma kando kwa upande wa kiganja, kama mtu anayesogeza sahani ya chakula asichokipenda, kisha akaendelea na kazi kwa vidole viwili na dole gumba la kulia. Dole gumba hilo lilikuwa na ukucha uliolika upande mmoja. Kabla ya kuja kwetu alikuwa amefanya kazi miaka mingi katika kiwanda kidogo cha chapa, akipanga herufi za madini ya risasi moja moja, na ukucha ule ndio ulikuwa ukizikandamiza zikae mstarini. Herufi zenyewe ziliuzwa kama vyuma chakavu, kiwanda kikafungwa, lakini sisi ofisini tuliendelea kumwita Mzee wa Chapa. Sidhani alikuwa amefika miaka sitini. Huo uzee tulimpa sisi.

Ofisi yetu ilikuwa Meru, upande wa Kinoru, vyumba vitatu nyuma ya kanisa, na tulisimamia zahanati za kanisa hilo. Mimi nilikuwa karani. Nilianza na taipureta, nikaambiwa taipureta imepitwa na wakati, sasa ni kompyuta. Nikajifunza kompyuta, nikaambiwa kompyuta peke yake haitoshi, sasa ni intaneti. Miaka ya tisini ilikuwa inaelekea ukingoni na kila aliyetoka Nairobi alitukuta tumechelewa kwa jambo fulani. Hakuna aliyeniuliza kama nimechoka.

Wafadhili walileta kompyuta kwa lori. Mpya mbili zilibaki Meru, kuukuu zikagawiwa zahanati, moja Nkubu, moja Kanja kule Embu, na moja ikabaki kwetu kwa sababu hakuna aliyeitaka. Kila Jumatatu asubuhi zahanati zilipiga simu kwa modemu, na baada ya mlio mrefu wa kukera masikio, ukurasa wetu ulitokea kwenye kioo: daktari gani yuko wapi, siku gani. Muuguzi aliunakili kwa chaki kwenye ubao wa langoni na watu wakasoma. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yote, na ukiisikia hivi utadhani ni ndogo.

Shida ilikuwa brauza, ile programu inayofungua ukurasa. Zile kompyuta mbili mpya zilikuwa na brauza mpya. Kuukuu zilikuwa na brauza ya zamani zilizokuja nayo, na hazikuwa na nguvu ya kubeba nyingine. Ukurasa uliopendeza Meru ulifika Kanja umevunjika. Jedwali, kwa mfano, brauza ile haikujua ni mdudu gani. Ilifuta mistari yote na kuyamwaga maneno, moja baada ya lingine, kama mahindi kutoka guniani. Kazi ya Mzee wa Chapa ilikuwa kuhakikisha kwamba maneno yakimwagika, yanamwagika kwa utaratibu.

Ile kompyuta kuukuu iliyobaki kwetu aliiweka pembeni na kuifunika kitambaa cheupe cha kufumwa, kile ambacho akina mama huweka kwenye makochi. Aliitukana kwa Kimeru kila siku, aliiita mzigo, aliiita takataka ya wazungu. Lakini mtu akiweka kikombe cha chai juu yake, angesikia. Kila ukurasa ulipitia pale kabla haujatoka. Aliondoa kitambaa, akakikunja mara nne, akafungua ukurasa, akaupima mstari kwa mstari huku rula ikiegemea kioo, kisha akaweka tiki kwenye daftari lake la jalada la buluu na kulirudisha kwenye droo. Ukurasa usio na tiki haukuwa ukurasa.

Wageni hawakumwelewa. Kijana mmoja aliletwa na mkurugenzi kutoka Nairobi atutengenezee ukurasa wa kisasa. Alikaa wiki nzima, akaugawa ukurasa kwa fremu, menyu huku, habari kule, nembo juu ikimeremeta. Mkurugenzi alipiga makofi. Mzee wa Chapa alikunja kitambaa chake tu. Jumatatu simu ya kwanza ilitoka kwa muuguzi wa Kanja.

"Haloo, ofisi? Hii kitu mmetuma ni ya nini? Mimi huku naona nyeupe tu."

"Nyeupe namna gani, Sista?" nikamuuliza.

"Nyeupe! Kama shuka. Sasa kwa ubao niandike nini, niandike nyeupe?"

Brauza ya zamani haikujua fremu, kwa hiyo ilionyesha hewa. Kijana alisema dawa ni kununua kompyuta mpya. Mzee wa Chapa akamjibu, "Sawa, nunua. Ukishanunua uniambie. Kabla hujanunua, hawa watu ni wagonjwa leo." Akaketi, akaandika ukurasa upya tangu mwanzo, maneno matupu bila urembo, na kufikia saa nne Kanja walikuwa wanasoma. Kijana aliondoka bila kuaga.

Msidhani nampamba. Alikuwa mtu mgumu kuishi naye. Mashine aliivumilia, binadamu hakuweza. Ukimwuliza jambo mara ya pili alikujibu kwa sauti ya mtu anayemkemea ng'ombe. Hakuwahi kunisifu, na siku nilipomwambia kwamba hata mkulima huisifu kahawa yake ikikubali, alisema kahawa haiombi kusifiwa. Alikuwa mzee wa kanisa lakini ukimkata maneno wakati anapima ukurasa, ungejifunza matusi ambayo hata sokoni huyasikii. Alihubiri kutokuwa na haraka na yeye mwenyewe hakuweza kungoja chai ipoe. Kila siku aliungua ulimi na kila siku alilaumu chupa.

Na alikuwa na hila zake. Wapangaji wa herufi za risasi husoma maandishi yakiwa kinyume na kichwa chini, kwa hiyo karatasi yoyote iliyokuwa mezani kwa mkurugenzi, yeye akiwa amesimama upande wa pili kwa adabu, mikono nyuma, alikuwa ameshaimaliza. Tulijua mambo ya ofisi kabla hayajatangazwa. "Mwezi ujao hakuna overtime," angeniambia akirudi. "Msitengeneze hesabu ya kuku wa Krismasi." Mwaka wa mwisho aliacha mchezo huo. Nikadhani amepata heshima ukubwani.

Kitu alichonifundisha kwa ukali kuliko vyote ni nafasi tupu. Mfukoni mwa koti alikuwa na vipande vichache vya risasi visivyo na herufi, laini, vifupi kuliko herufi zenyewe. Vilikuwa vya kujazia mapengo. Alinieleza kwamba katika chapa, pengo kati ya neno na neno si hewa. Ni kipande cha risasi kilichowekwa kwa mkono. Usipokiweka, herufi zinalegea, mstari wote unateleza, na ukiinua fremu kazi ya siku nzima inaanguka miguuni pako.

"Nafasi haijiweki, Mama Kendi," alisema. "Wewe ndiye unaiweka."

Kwenye ukurasa ilikuwa vivyo hivyo. Brauza ya zamani ikimwaga jedwali, kisanduku kisicho na neno kinapotea kabisa, na kila kinachofuata kinasogea hatua moja kushika mahali pasipo pake. Kwa hiyo sheria yake ilikuwa moja: usiache kisanduku kitupu. Andika "hakuna". Andika deshi. Weka hata ile alama ya siri inayoshika nafasi bila kuonekana, lakini weka kitu. Kila nilipotengeneza jedwali lenye mahali patupu alitoa kipande cha risasi na kukigonga mezani mbele yangu, ta. Nilikichukia kile kipande. Nilikuwa mwanamke mzima, nina mtoto shuleni, na mtu ananigongea meza.

Tabia nyingine ilinipendeza zaidi. Alipenda nimsomee ukurasa kwa sauti. "Ukurasa mzuri unasikika," alisema, akifumba macho, miguu ikiwa imenyooshwa chini ya meza. Mwanzoni ilikuwa mara moja moja, halafu ikawa karibu kila siku. Nilisoma: Nkubu, meno, Jumatatu, Kanja, chanjo, Jumatano, na yeye anaitikia, "Ii. Ii." Alilalamika sana kuhusu vumbi la Kinoru. Alifuta kioo kwa leso asubuhi, akafuta saa sita, akafuta tena jioni, akavua miwani yake iliyofungwa kwa uzi akaifuta nayo. Mimi nilicheka nikamwambia ataumaliza unene wa hicho kioo.

Sasa niseme la Kanja.

Mwezi ule alikuja daktari wa macho, mtu wa kupita, anayekaa siku moja kila mahali halafu haonekani tena mpaka Mungu apende. Nkubu hakuwa na siku. Kanja alikuwa na Jumanne. Meru mjini, Alhamisi. Mzee wa Chapa alikuwa ameenda matanga kwao tangu Ijumaa asubuhi. Mimi nilikuwa nimechoka, mwanangu Kendi alikuwa na homa nyumbani, na mkurugenzi alitaka ukurasa uwe hewani kabla hajafunga ofisi. Nikachora jedwali kwenye kompyuta mpya. Juu niliandika Nkubu, Kanja, Meru. Chini, kwenye mstari wa daktari wa macho, kisanduku cha Nkubu nikakiacha kitupu, kisha Jumanne, kisha Alhamisi. Lilikaa vizuri ajabu. Nikaitazama ile kuukuu chini ya kitambaa chake. Nikasema moyoni, kwa leo tu. Nikaenda nyumbani.

Kilichotokea unakijua. Kanja walisoma juu: Nkubu, Kanja, Meru. Wakasoma chini: Jumanne, Alhamisi. Jina la pili ni Kanja, siku ya pili ni Alhamisi. Muuguzi akahesabu kama mtu yeyote angehesabu, akaandika Alhamisi ubaoni. Nkubu nao walijipa Jumanne ambayo haikuwa yao, ila wao Meru ni karibu, walikuja kesho yake kuuliza na Alhamisi wakatibiwa. Kanja daktari alifika Jumanne akakuta uwanja mtupu, mbuzi wawili na mlinzi. Akangoja hadi saa saba, akafunga vifaa vyake, akaenda. Alhamisi walijaa watu.

Jumatatu iliyofuata mkurugenzi alitupakia garini, mimi na Mzee wa Chapa, twende tukaombe radhi. Watu kama thelathini walikuwa wamekaa kwenye mabenchi ya zahanati. Hawakutupigia kelele, na ingekuwa afadhali wangepiga. Mama mmoja alisimama akiwa amemshika mkono mama yake, kikongwe aliyefunga kitambaa cha kijani kichwani, cucu kama wanavyoita bibi huko, na akatufasiria maneno yake kutoka Kiembu.

"Cucu anasema, jicho moja lilienda kitambo, hilo hana maneno nalo. Hili lingine lilikuwa bado linaona kidogo kidogo. Anasema Alhamisi alitoka nyumbani giza, akakaa hapa mpaka wakafunga geti. Sasa anauliza, daktari anarudi lini?"

Mkurugenzi alikohoa. Mimi nilitazama viatu vyangu. Nilikuwa na maneno mdomoni, naapa nilikuwa nayo, lakini nilifikiria karo ya Kendi, nikafikiria jinsi watu wale wote wangegeuka kunitazama, na maneno yakarudi tumboni.

Mzee wa Chapa alivua kofia. "Mama," alisema, "ule ukurasa ulipita kwa mikono yangu. Kosa ni langu. Siyo la Sista, siyo la huyu mama. Ni langu."

Cucu aliambiwa. Akatikisa kichwa taratibu, akasema neno fupi ambalo bintiye hakulifasiri. Daktari alirudi baada ya miezi minane. Muuguzi aliniambia kwa simu kwamba jicho lile halikungoja.

Mwisho wa mwezi mkurugenzi alimwita ofisini na barua. Mlango ulikuwa wazi, niliona. Barua ilikuwa mezani, imegeukia mkurugenzi, mahali pale pale ambapo zamani angekuwa ameshaisoma na kuihifadhi kichwani. Safari hii alisimama mikono nyuma akasema, "Nisomee, bwana." Mkurugenzi akaisoma yote, barua ya kumwachisha kazi, hadi sahihi. Niliona kama ni kiburi, kwamba anataka mtu ayaseme kwa mdomo wake anayomfanyia. Aliporudi alikunja koti, akachukua chupa yake ya chai, akasimama kidogo mbele ya ile kuukuu na kunyoosha pembe ya kitambaa. Kwangu alisema tu, "Kaa salama, Mama Kendi." Daftari la buluu alilibakisha kwenye droo. Sikulifungua. Nilijua ukurasa ule hauna tiki na sikutaka kuuona ushahidi.

Nilimbeba moyoni miaka miwili. Mtu aliyenifokea kila siku alisimama mbele za watu akasema uongo kwa ajili yangu, akapoteza mkate wake, na mimi nikabaki na mshahara. Kila Ijumaa niliandika "hakuna" kwenye visanduku mpaka vidole vikafa ganzi. Halafu zikaja kompyuta mpya, watu wakitishana na mwaka elfu mbili, na kuukuu zote zikatupwa kwa lori la takataka. Hakuna aliyepima tena chochote. Kitambaa nilikichukua mimi, nikakifua.

Nilimkuta Nkubu, mwezi wa kumi na mbili, nimeenda kumtazama mgonjwa hospitalini. Alikuwa kando ya barabara mbele ya bucha jipya, amepiga magoti kwenye gunia, anapaka rangi nyekundu kwenye ubao mkubwa mweupe. Herufi zilikuwa ndefu kama mkono. Sikio lake lilinitambua kabla sijafika karibu.

"Muga, Mama Kendi. Bado unaburuta kiatu cha kushoto."

"Muga, Mzee." Nikaitikia salamu hivyo, nikakaa kwenye jiwe. Tukaulizana ya nyumbani. Nilimwambia kuukuu zimetupwa, akasema, "Ii," kama alivyokuwa akiitikia nikimsomea. Nikajua nisiposema sasa sitasema.

"Mzee, kuna kitu nimebeba tangu Kanja. Ule ukurasa niliuweka mimi, ile Ijumaa. Sikuupima. Wewe ulikuwa matanga. Halafu wewe ukanibebea mbele ya wale watu, na mimi nikanyamaza. Nisamehe."

Aliacha brashi. "Nani alikubebea?"

"Si wewe ulisema—"

"Mimi nilisema nini? Nilisema ulipita kwa mikono yangu. Ulipita. Jumamosi niliamka matanga nikakuja ofisini, nikafungua ile kuukuu, nikapima. Nikaweka tiki. Kwani hukuona tiki?"

"Daftari sikulifungua."

"Haya basi." Alichovya brashi, akaitoa, akaichovya tena. "Nilipima na sikuona, Mama Kendi. Kioo kilikuwa kama kimemwagiwa maziwa. Na hakikuwa kioo. Nilijua siku nyingi siyo kioo."

Nilihisi hasira imenipanda mpaka masikioni. "Si ungesema! Daktari wa macho alikuwa hapo hapo Meru, Alhamisi, mlango wa pili kutoka kwetu!"

"Nipange foleni pale, mkurugenzi anapita? Mtu ambaye kazi yake ni kuangalia?" Akacheka bila furaha. "Halafu baada ya Kanja, sasa ningeenda na uso gani kwa huyo daktari. Yule cucu alikosa."

Mficha maradhi kilio humfichua, tuliambiwa shuleni, na tukaandika insha, tukapewa alama. Nilikaa pale kwenye jiwe, nikahesabu mara ngapi alifuta kile kioo na mimi nikacheka. Miaka miwili nimemshukuru moyoni kwa uongo ambao hakuusema, na uso wake nilikuwa nautazama kila siku. Hakuna kitu kilichonichosha maishani kama dakika ile.

"Nisomee ubao," akasema. "Mwenye bucha anakuja sasa hivi."

Niliinua macho. Herufi zilikuwa zimesimama wima, nzuri, za mtu anayejua kazi. NYAMA SAFI KILASIKU. Maneno mawili ya mwisho yalikuwa yameshikana. Mtu aliyenigongea meza kwa ajili ya pengo la upana wa punje ya mtama alikuwa amesahau kuweka nafasi.

Barabara ilikuwa na watu. Ningeweza kusema ni safi, niende zangu hospitalini. Mwenye bucha labda hata asingejali.

"Mzee," nikasema, "hapo kwa KILA na SIKU. Hukuacha nafasi."

Aliweka brashi chini. Kisha akachukua kitambaa chenye mafuta ya taa akalifuta neno la mwisho, polepole, akipapasa ukingo wa ubao ajue amefika wapi. Alipomaliza alinyoosha mkono nyuma bila kugeuka.

"Kuja. Weka kidole chako hapo, baada ya A. Usikitoe mpaka nikwambie."

Nikapiga magoti kwenye gunia kando yake, nikaweka kidole. Akapapasa akakipata, akaweka brashi upande wa pili, na akaanza kuandika upya.